Kukumbuka Mambo Muhimu ya Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila watu wanapozungumzia usahaulifu: funguo, dawa, miadi, majina, mlango uliofungwa au haukufungwa. Mwenye haraka aruke hadi swali la 5. Anayemhofia mzazi wake, au anayejihofia mwenyewe, aanzie la 20.

## Misingi

1. Mbona nakumbuka nyimbo za utotoni, lakini nimesahau nilichoagizwa leo asubuhi?

Wimbo uliuimba kwa miaka, tena pamoja na wenzako. Agizo la asubuhi ulilisikia mara moja, mkono mmoja ukitafuta soksi ya pili. Akili haishiki jambo kwa sababu ni muhimu. Hulishika kwa sababu ulilitilia maanani au ulilirudia.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilipima jambo hili kwa kujifanyia majaribio mwenyewe, akachapisha matokeo mwaka 1885. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akaziacha kwa dakika, saa au siku kadhaa, kisha akapima zinamgharimu kazi kiasi gani kuzikariri upya. Aligundua kwamba sehemu kubwa hupotea katika saa za mwanzo, na kinachosalia hupungua polepole. Basi agizo ambalo hukuliandika wala kulirudia mapema, usilitegemee jioni.

2. Kwa hiyo kumbukumbu yangu ni mbovu?

Huenda siyo. Kuna kukumbuka yaliyopita na kuna kukumbuka ya kufanya, na wengi wanaolalamika wana shida na hili la pili. Mtu akikuuliza sasa hivi miadi yako na daktari wa meno ni lini, utajibu bila kusita: Alhamisi saa nne. Alhamisi saa nne ikifika, uko kazini unacheka na wenzako. Habari ilikuwamo kichwani muda wote, ila hakikutokea kitu cha kuigutua kwa wakati wake.

Watafiti Gilles Einstein na Mark McDaniel, waliochapisha mwaka 1990 kazi iliyofungua njia katika eneo hili, walitofautisha nia inayofungwa na tukio ("nikimwona mjomba nimpe barua") na nia inayofungwa na saa ("saa tisa nipige simu"). Ya saa huwa ngumu zaidi. Mjomba akitokea, sura yake yenyewe inakukumbusha. Saa tisa hupita kimya. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na tofauti hiyo: acha kuhangaika na kuhifadhi, hangaika na kitakachokugutua.

3. Kichwa kinaweza kubeba mambo mangapi kwa mara moja?

Machache kuliko tunavyojidai. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika makala iliyovuma sana akitaja vitu saba, zaidi au pungufu kwa viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia ushahidi upya, akashuka hadi karibu vinne. Ukitumwa vitu vitatu, nenda tu. Ukiongezewa cha nne na cha tano, toa kalamu, na usione haya mbele ya aliyekutuma.

4. Kwa nini naingia chumbani kisha sijui nimefuata nini?

Kwa sababu nia uliiweka ukiwa kwingine, ukizungukwa na vitu vingine. Ulikuwa umekaa, ukaona kucha imevunjika, ukainuka kufuata mkasi. Njiani ukawaza bili ya maji. Ulipofika chumbani, hakuna kinachoonyesha kucha wala mkasi.

Gabriel Radvansky na wenzake walichapisha mwaka 2011 majaribio yaliyoonyesha kwamba kupita mlangoni peke yake huongeza kusahau. Watafiti wengine waliporudia baadaye hawakupata athari hiyo kwa nguvu ile, na ilijitokeza zaidi kwa watu ambao vichwa vyao vilikuwa vimeelemewa na kazi nyingine. Kwa hiyo msilaumu milango, laumuni bili ya maji. Dawa ni kurudi pale ulipoanzia, mara nyingi wazo linakusubiri palepale. Kinga ni kulitamka ukiwa unatembea: "Mkasi, mkasi." Watu wazima wanaoongea peke yao ukumbini wana sababu zao.

## Kujipangia ukumbusho

5. Nikichukua njia moja tu, iwe ipi?

Badilisha kila "nitafanya" iwe "nikiona hiki, nitafanya kile." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameitafiti mbinu hii kwa miaka mingi, na faida yake imejitokeza katika majaribio mengi, kuanzia kumeza dawa hadi kufanya mazoezi.

Siri iko kwenye kuchagua tukio. "Kesho nitampigia fundi" haina tukio lolote, ni matumaini. "Kesho asubuhi" ni afadhali kidogo, ila asubuhi ni ndefu. "Kesho nikishaweka mkoba juu ya meza ya ofisini, kabla sijavuta kiti, nampigia fundi" ina tukio moja lenye mahali pake, litakalotokea hata usipojitahidi, tena likukute mikono ikiwa mitupu na simu ikiwa karibu. Lione kichwani mara moja: mkoba unatua, mkono unaenda kwenye simu. Kisha acha kuliwaza.

Tukio baya ni lile linalotokea mara nyingi mno kwa siku ("nikishika simu"), au linalokukuta mahali usipoweza kutenda. Kukumbuka bafuni kwamba gari linahitaji mafuta hakujawahi kumsaidia mtu.

6. Kuna kitu lazima nikibebe kesho asubuhi. Nitahakikishaje sikiachi?

Kifanye kikuzuie kutoka. Bahasha isimame ndani ya kiatu utakachovaa. Mwavuli uning'inie kwenye kitasa. Ikiwa kitu chenyewe hakiwezi kutoka mahali pake mapema, kwa mfano dawa iliyoko kwenye friji, basi peleka funguo za nyumba huko kwenye friji, juu ya dawa. Asubuhi utazitafuta funguo, utakasirika, kisha utakumbuka kwa nini ziko baridi. Unachotaka ni kwamba usiweze kuondoka bila kukigusa. Kukiweka "karibu na mlango" hakutoshi, kwa sababu pembeni ya mlango huwa pana vitu vingi ambavyo macho yameshavizoea. Mazoea hayo yanaelezwa katika swali la 7.

7. Nimebandika karatasi za ukumbusho kila mahali, lakini siku hizi hata sizioni. Kwa nini?

Macho huacha kuona kisichobadilika. Mwaka 1979 Raymond Nickerson na Marilyn Adams waliwaomba Wamarekani wachore kwa kumbukumbu sarafu yao ya senti moja, kitu walichokishika maisha yao yote. Wengi walikosea kilichoandikwa na upande ambao kichwa kinaelekea. Ikiwa sarafu ya mfukoni inapotea hivyo, karatasi ya njano iliyokaa mwezi mzima kwenye kioo haina lake.

Karatasi iwe moja, ya jambo moja, mahali pa kulitendea. Ya kuzima pampu ikae kwenye swichi ya pampu, siyo kwenye kioo. Ukishatenda, ichane. Jambo la kila siku lisiwe karatasi kamwe. Liunganishe na tukio kama ilivyoelezwa katika swali la 5.

8. Daftari au simu?

Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari, nao hawakuwa na simu. Leo ugomvi huu hauna maana sana, kwani kila kimoja kina kazi yake. Simu hulia, daftari halilii. Kwa hiyo chochote chenye saa kiende kwenye simu. Daftari hukaa wazi mezani na kukuonyesha mambo kumi kwa jicho moja, bila kukuingiza kwenye ujumbe wa watu. Mambo yasiyo na saa yanakaa vizuri humo.

Kosa la kweli ni kuwa na sehemu nne: daftari, simu, kipande cha karatasi mfukoni, na ujumbe uliojitumia mwenyewe. Hapo utaandika kila kitu na bado utasahau, kwa sababu hujui pa kutazama. Mambo yasiyo na saa yachagulie mahali pamoja tu, na chochote ulichoandika pengine kwa dharura, kihamishie humo kabla ya kulala.

Pia andika kitendo kizima. Neno "Benki" lililoandikwa Jumatatu halitakuambia chochote Ijumaa. "Kupigia benki niulize kadi mpya iko tawi gani" litakuambia uanze na nini, na utaacha kulikwepa.

9. Kengele ya simu inalia, naizima, kisha nasahau hapohapo. Nifanyeje?

Hili ndilo linalowakuta watu walioamini kwamba simu imemaliza tatizo. Kengele imelia ukiwa unakaanga, vidole vina mafuta. Umeizima kwa kiwiko ukisema "sawa, sawa." Kuizima kumekuondolea bughudha, na akili imeridhika kana kwamba jambo limekwisha.

Jiwekee sharti: kengele haizimwi mpaka jambo limefanyika au uko katikati ya kulifanya. Ikilia usipoweza kutenda, iahirishe kwa dakika kumi, usiizime, hata mara tano. Na ikiwa kengele fulani unaiahirisha kila siku, saa yake siyo sahihi. Ihamishe ikukute ukiwa pale unapotendea. Kengele ya kumwagilia bustani inayolia ukiwa ndani ya basi ni kelele tu.

Ipe kengele maandishi, na usiwe na kengele ishirini zenye mlio mmoja. Zikishazoeleka, zinakuwa kama zile karatasi za swali la 7.

10. Nikilala, mambo ya kesho yananizunguka kichwani. Ni kukumbuka au ni wasiwasi?

Ni vyote viwili, na kalamu inasaidia vyote viwili. Michael Scullin na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio ambalo watu waliandika kwa dakika tano kabla ya kulala: wengine mambo waliyoyamaliza, wengine mambo wanayotakiwa kufanya. Walioandika ya mbele walipata usingizi haraka zaidi, wastani wa dakika tisa hivi, na kadiri orodha ilivyokuwa na undani ndivyo usingizi ulivyowahi. Lilikuwa jaribio dogo, la watu 57, lakini kulijaribu nyumbani ni bure. Weka kalamu kando ya kitanda. Usitumie simu kwa hili.

## Vitu vinavyopotea, vitendo visivyokumbukwa

11. Funguo na miwani yangu hupotea kila siku. Kuna dawa?

Kitu hakipotei pale unapokitafuta, hupotea pale unapokiachia mkono bila kukitazama. Umeingia na mizigo miwili, simu inaita, funguo zimetua juu ya mashine ya kufulia. Hukusahau mahali, hukuwahi kupajua.

Vipe makazi. Msumari mmoja wa funguo, kibakuli kimoja cha miwani, na viwe njiani unapoingia, kabla ya kiti cha kwanza. Mahali pazuri lakini pa mbali hapatatumika. Nyumba yenye watu wengi inahitaji makazi ya vitu vya pamoja pia, kama mkasi, chaja na rimoti, na hapo ugomvi hupungua kuliko unavyodhani.

Kikishapotea, usianze kupekua. Simama ulipoingilia, urudie mwendo wako: nilifungua, niliweka mizigo, niliitwa. Kisha tafuta chini ya vitu, maana mara nyingi kimefunikwa na gazeti au nguo mahali ulipokwisha kupaangalia. Kukiweka kitu "mahali pa usalama" ambapo hujawahi kukiweka ni njia ya uhakika ya kukizika, hasa pasi za kusafiria na hati. Ukifanya hivyo, andika papo hapo mahali ulipokiweka.

12. Nilifunga mlango? Nilizima pasi? Nitajuaje bila kurudi?

Vitendo tulivyovizoea mikono huvifanya yenyewe, na kisichotazamwa hakiachi alama. Juu ya hapo, umefunga mlango ule ule mara elfu, na kumbukumbu ya leo imechanganyika na ya jana.

Wafanyakazi wa reli za Japani wana utaratibu maarufu: dereva anainyooshea kidole taa ya njia na kutamka hali yake kwa sauti, hata akiwa peke yake. Kidole, jicho na sauti vikikutana, kitendo hakipiti kimya. Fanya vivyo hivyo kwa pasi: ichomoe, inyooshee kidole, useme "pasi imezimwa, Jumanne." Kutaja siku ndiko kunakoitenga leo na jana. Wengine huipiga picha swichi. Ni sawa, hasa siku ya safari.

Kuwe na kikomo, lakini. Marcel van den Hout na Merel Kindt walionyesha mwaka 2003 kwamba kukagua jambo lile lile tena na tena hakuongezi uhakika. Kunaupunguza, kwa sababu kumbukumbu inakuwa na ukungu zaidi kila unaporudia. Kagua mara moja kwa makini, ondoka. Anayerudi mlangoni hadi anachelewa kazini, siku baada ya siku, hana tatizo la kusahau, na msaada wake uko kwa mtaalamu wa afya ya akili.

13. Kwa nini nasahau kadi kwenye mashine, au karatasi ya asili kwenye mashine ya nakala?

Kwa sababu ulichokifuata umeshakipata. Lengo likitimia, akili inafunga faili, na hatua iliyobaki nyuma inaachwa. Ndiyo maana mashine nyingi za kutolea pesa hurudisha kadi kwanza, ndipo zitoe noti: hakuna anayeondoka bila pesa. Iga mpangilio huo popote unapoweza. Chukua kitambulisho chako kabla ya kupokea risiti. Toa karatasi ya asili kabla ya kugusa nakala.

14. Orodha ya kukagua si ya watu wasahaulifu?

Ni ya watu wanaojua kazi yao mno. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Ohio, ndege mpya ya Boeing iliyoitwa Model 299 ilianguka muda mfupi baada ya kupaa. Rubani alikuwa na uzoefu mkubwa. Kifungio kinachoshika sehemu za mkia zisichezeshwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa hakikuwa kimefunguliwa. Wawili walikufa. Ndege haikuwa na hitilafu, ilikuwa tu na hatua nyingi kuliko kichwa kimoja kinavyoweza kushika kila siku bila kukosea, na marubani wa jeshi wakaandika orodha za kukagua. Ndege hiyo ndiyo iliyozaa B-17, ndege ya kijeshi ya kudondosha mabomu. Madaktari wa upasuaji walifuata baadaye sana: Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha yake ya usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, mwaka 2008.

Yako iwe fupi, na iandikwe mara moja itumike miaka. Orodha ya safari ndiyo yenye faida kuliko zote. Ukirudi safarini, kabla hujafungua begi, ongeza ulichokikosa na ufute usichokitumia. Usiweke kisichosahaulika, orodha inayoanza na "nguo" itaanza kurukwa.

## Majina, namba na yanayotaka kukaririwa

15. Nawezaje kukumbuka majina ya watu?

Kwanza lisikie. Wengi hawasahau jina, hulikosa tangu mwanzo kwa sababu mtu anapojitambulisha wao wanawaza watakachosema. Ukilikosa, uliza papo hapo: "Samahani, sikulishika jina." Sekunde kumi baadaye ni adabu, mwezi mmoja baadaye ni fedheha.

Jina ni gumu kwa sababu haliambatani na kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 uliwaonyesha watu sura, na kwa kila sura wakapewa jina na kazi. Waingereza wana neno moja, Baker, ambalo ni jina la ukoo na pia ni mwoka mikate. Neno lile lile lilikumbukwa vizuri zaidi lilipokuwa kazi kuliko lilipokuwa jina. Kazi inaleta tanuri, unga na harufu. Jina halileti chochote. Basi liletee: mfananishe na mtu mwingine unayemjua mwenye jina hilo, muulize linaandikwaje au alirithi kwa nani, ulitumie mara moja mnapoongea na mara nyingine mnapoagana. Usiku liandike pamoja na mlipokutana.

16. Jina liko kwenye ncha ya ulimi lakini halitoki. Nililazimishe?

Jaribu kidogo, kisha liache. Roger Brown na David McNeill walichunguza hali hii mwaka 1966 wakakuta kwamba aliyekwama mara nyingi anajua herufi ya kwanza au idadi ya silabi za neno lenyewe. Pitia herufi moja moja. Likigoma, endelea na mengine; hupenda kuja ukiwa unaosha vyombo.

17. Manenosiri yamenishinda. Ni sawa kuyaandika?

Ni sawa kuliko kutumia moja kila mahali. Njia bora ni programu ya kuhifadhi manenosiri: wewe unakariri moja tu, refu, la maneno manne au matano yasiyohusiana. Asiyetaka programu aandike kwenye daftari linalokaa nyumbani mahali salama, siyo kwenye pochi wala kwenye ujumbe wa simu. Ile kanuni ya zamani ya kulibadilisha kila baada ya miezi mitatu inayofanya watu waongeze tu tarakimu mwishoni, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kuipendekeza mwaka 2017. Badilisha ukishuku limevuja.

Mtu mmoja unayemwamini ajue yalipo. Hili husahaulika mpaka siku ambayo mwenye simu amelazwa na bili zote ziko humo.

18. Nina hotuba au mtihani. Nasoma na kusoma lakini haviingii.

Funga kitabu. Jaribio linalotajwa zaidi ni la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, la mwaka 2006: baada ya dakika tano, waliosoma tena na tena waliongoza, baada ya wiki moja, waliojipima bila kutazama ndio walioongoza, tena kwa mbali. Kusoma tena hukupa hisia kwamba umejua. Kujipima hukuonyesha usichojua, na jitihada ya kukitafuta ndiyo inayokigandisha. Jipime leo, kesho, kisha baada ya siku kadhaa, badala ya usiku mmoja mrefu.

Kwa hotuba yenye mfuatano, mbinu ya kale ingali inafanya kazi, ile ambayo Warumi akina Cicero waliihusisha na mshairi Mgiriki Simonides. Tembea kichwani ndani ya nyumba unayoijua, na kila mahali uache hoja moja kwa picha ya ajabu: ng'ombe amejibana mlangoni, mvua inanyesha juu ya kochi. Jukwaani unatembea tena, unaziokota kwa utaratibu. Kwa orodha ya manunuzi ni kujichosha bure. Swali la 3 linatosha.

## Kukumbuka na wengine

19. Mwenzangu anasema sikumwambia, mimi nasema nilimwambia. Nani mkweli?

Huenda wote wawili, na huenda hakuna. Kumbukumbu huundwa upya kila tunapoikumbuka. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana. Kitenzi kilipokuwa kikali zaidi, mwendo uliokumbukwa ulipanda, na wiki moja baadaye baadhi ya walioulizwa kwa kitenzi kikali walidai waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Kwa hiyo uhakika wa mtu, ukiwemo wako, si ushahidi.

Makubaliano ya pesa, ya malezi na ya urithi yaandikwe siku ile ile, hata kwa ujumbe wa mistari miwili: "Kama tulivyokubaliana leo…" Kwa madogo ya nyumbani, angalia ulimwambia lini. Aliyeambiwa akiwa anatazama mpira, au amejifunika shuka, hakuambiwa.

Liko na lingine linalofichwa na ugomvi huu. Katika nyumba nyingi mtu mmoja ndiye kalenda ya wote: chanjo, ada, siku za kuzaliwa, gesi inayokaribia kuisha. Kusema "si ungenikumbusha" ni kumwachia kazi hiyo hiyo. Jambo likigawiwa, ligawiwe pamoja na kulikumbuka kwake.

## Hali zinazotaka uangalifu zaidi

20. Nakunywa dawa kila siku. Nisipokumbuka kama nimeshakunywa, ninywe tena?

Usinywe kwa kubahatisha. Dawa nyingine dozi mbili hazina madhara makubwa, nyingine ni hatari, kwa mfano za kuzuia damu kuganda na za kisukari. Soma karatasi iliyomo ndani ya paketi au mpigie mfamasia.

Tatizo hili huondoka kwa kisanduku chenye vyumba vya siku za wiki. Kijaze siku moja maalumu. Chumba cha leo kikiwa kitupu, umeshakunywa. Hakuna cha kukumbuka. Kiweke kando ya kitu unachokifanya kila siku bila kukosa, mswaki kwa mfano, ila mbali na mikono ya watoto. Anayetumia dawa za matone au sindano aandike alama kwenye kalenda papo hapo, siyo jioni.

21. Inawezekanaje mzazi kumsahau mtoto ndani ya gari?

Inawezekana kwa mzazi mwenye upendo, na kukataa kuamini hivyo ndiko kunakowanyima watu kinga. Mara nyingi ratiba imebadilika: leo baba ndiye anayempeleka mtoto, mtoto amelala kiti cha nyuma, na mikono inaendesha njia ya kila siku hadi kazini. Hakuna cha kumgutua. Ni lile la swali la 2, ila hapa gharama ni uhai, kwani joto ndani ya gari lililofungwa juani linaweza kupanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana.

Weka simu, mkoba au kiatu cha kushoto kwenye kiti cha nyuma kila unapombeba mtoto. Patana na mlezi au shule kwamba mtoto asipofika kwa saa fulani, apige simu mara moja na aendelee kupiga mpaka apokelewe. Na fungua mlango wa nyuma kila unapoegesha, hata ukiwa peke yako, ili mkono uzoee.

22. Kusahau gani ni kwa kawaida ya umri, na kupi ni kwa kumwona daktari?

Kusahau mlipoweka funguo ni kawaida. Kutojua funguo ni za nini siyo. Jina linalochelewa kisha likaja ni kawaida. Kupotea kwenye njia ya kila siku, kuuliza swali lile lile mara kadhaa ndani ya saa moja, kushindwa kupika chakula ulichokipika miaka yote, kuchanganyikiwa na pesa, au tabia kubadilika: hayo yapelekwe hospitali. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe haoni kitu, wanaoona ni wa nyumbani.

Usisubiri kwa kuogopa jina la ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na demensia, yaani ugonjwa wa kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, lakini si kila usahaulifu ni huo. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri, sonona, usingizi mbovu, pombe, na baadhi ya dawa za mzio zinazoleta usingizi vyote huvuruga kumbukumbu, na vingi vinatibika. Kuchanganyikiwa kunakokuja ghafla, ndani ya saa au siku, ni dharura.

23. Nina msiba, au nina mtoto mchanga, na nasahau kila kitu. Ndiyo naharibika?

Hapana. Huzuni na kukosa usingizi hula uzingativu, na bila uzingativu hakuna cha kukumbuka. Kwa miezi hiyo usijaribu mbinu yoyote ya kichwani. Andika kila kitu, ahirisha maamuzi yanayoahirishika, na mwombe mtu mmoja akubebee mambo yenye tarehe.

24. Mama anauliza jambo lile lile kila baada ya dakika tano. Nimjibuje?

Kama mara ya kwanza, kwa sentensi fupi. "Nimeshakwambia, mama" haimkumbushi. Inamwonyesha tu kwamba amekosea, na hofu itabaki hata maneno yakishafutika. Sikiliza kilicho nyuma ya swali. Anayeuliza "mtoto atarudi lini" huenda anataka kujua kama yuko salama, na "yuko salama, mama, anarudi jioni" humtuliza kuliko saa kamili.

Ubao mdogo ukutani, anapokaa, unaweza kupunguza maswali akiwa bado anasoma: siku ya leo, nani yuko nyumbani, nani anarudi na wakati gani. Uandikwe kwa herufi kubwa na ubadilishwe kila asubuhi, kwa kuwa ubao wa jana utamchanganya zaidi. Akiuliza, mwelekeze kwa upole, muusome pamoja. Na mpeane zamu: anayejibu swali moja tangu alfajiri anahitaji mtu wa kumpokea ifikapo mchana.